Adabu Aliyofundishwa Blessing

Kwa Bi Hamisa, Tandale, wapangaji wanapaitaga chuo. Hawapaiti hivyo kwa ubaya. Ukipanga pale, kabla hujajua bomba linatoa maji siku gani, utakuwa umeshafundishwa kumsalimia mtu mzima kwanza ndipo upite, kuvua ndala unapokatiza penye watu wanaokula, na kutomkazia macho mkubwa anaposema nawe. Leodegar, karani wa Kihaya anayekaa chumba cha uani, alipata kusema kwamba yeye kasoma mpaka uhasibu, lakini mtihani mgumu kuliko yote aliufanya kwa mama mwenye nyumba.

Bi Hamisa ni Mzaramo, mzaliwa wa hapahapa mjini. Anauza magimbi na ndizi mbichi sokoni. Marehemu mume wake, mzee Marijani, alikuwa mjumbe, na mashauri ya mtaa yalikuwa yanamalizwa kwenye baraza la nyumba yao. Bi Hamisa alikuwa anasikiliza kutokea ndani, nyuma ya pazia, mkono unakuna nazi. Akajifunza jinsi shauri linavyokwisha. Kijana anayebisha mbele za watu anaondoka na adhabu. Kijana anayeinamisha kichwa na kusema nimekosa, baba, anasamehewa. Halafu watu wakishatawanyika, mzee anamwita pembeni na kumuuliza, haya, sasa niambie ilikuwaje. Hapo ndipo ukweli ulipokuwa unatoka. Hata mwanawe, Twalib, aliwahi kukubali mbele ya baraza kwamba yeye ndiye aliyevunja mtungi wa jirani, na hakuuvunja. Akasamehewa, na baadaye mwenye mtungi mwenyewe alikuja kuomba radhi.

Blessing aliingia kwenye nyumba hiyo akiwa na begi moja. Ni binti wa Malawi, kutoka Mzuzu. Mwanaume mmoja alikuwa amemwahidi kazi ya saluni Sinza, akamfikisha Dar, kisha simu yake ikawa haipatikani. Binti akaanza kusuka nywele barazani kwa Bi Hamisa, na mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba watoto walikuwa wanalala usingizi anapowasuka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Muda wa kukaa nchini uliogongwa kwenye pasipoti yake ulikwisha akiwa hapo, na Bi Hamisa alijua, akanyamaza. Mpangaji hana kelele, hana wanaume, anafagia uwanja bila kutumwa. Angemfukuza kwa lipi?

Kufundishwa, Blessing hakuhitaji sana. Kwao pia binti anapiga magoti akimpa mkubwa maji. Kasoro yake ilikuwa moja: akisingiziwa jambo, alikuwa anakataa papo hapo, kwa sauti. Siku moja Mwajabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwambia amemchukulia beseni. Blessing akasimama katikati ya uwanja, akasema si kweli, mama, unasema uongo. Bi Hamisa alimshika mkono akamwingiza ndani. Akamweleza kwamba mkubwa hakatwi kauli mbele za watu. Unaitikia. Ukiwa na la kwako, utamfuata baadaye, umweleze taratibu. Blessing akatoka, akapiga goti mbele ya Mwajabu, akasema ni kweli, mama, nisamehe. Beseni lilionekana kesho yake chini ya kitanda cha Mwajabu mwenyewe. Mwajabu alicheka hadi akatoa machozi, na tangu hapo akawa anamwita Blessing mkwe wangu.

Nyuma ya nyumba kuna pagala, jengo ambalo mwenyewe alilijenga mpaka juu ya madirisha akaishiwa pesa. Dalali mmoja aliingiza humo vijana wa Kihabeshi waliokuwa wanasafirishwa kwenda kusini. Akawafungia kwa mlango wa mabati na kutoweka. Walipozidiwa na kiu wakagonga mabati, na Blessing, aliyekuwa anaanika nguo, akawapitishia ndoo ya maji dirishani. Maafisa wa uhamiaji walipovamia asubuhi, ndoo ilikuwa mle ndani, na vijana walipoulizwa kwa ishara nani aliwapa, walinyoosha mkono kwa Blessing kama watu wanaomshukuru.

Akapandishwa gari moja pamoja nao.

Bi Hamisa alimpelekea chakula kituoni. Askari wa mapokezi alimtaka akionje kwanza mwenyewe, akaonja, ndipo Blessing akaletwa. Macho yalikuwa yamevimba. Aliuliza aseme nini kesho mahakamani, maana wanasema yeye ndiye aliyewaficha wale vijana. Bi Hamisa alifikiri, wala hakufikiri sana. Alikuwa ameyaona mashauri maisha yake yote.

"Mwanangu, hakimu ni mkubwa kuliko mie, kuliko mjumbe. Usije ukambishia mbele za watu kama ulivyombishia Mwajabu. Akikuuliza, itikia kwa adabu. Akishakuona una adabu, atakuita, utamweleza yote."

Blessing akasema amesikia.

Mahakamani palikuwa na feni moja inayozunguka kwa kukwaruza. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na Bi Hamisa alipomwona moyo ulitulia. Mama mwenzie, alijisemea. Hakimu alianza kwa kumuuliza Blessing kama anasikia Kiswahili au aletewe mkalimani. Blessing akapiga goti dogo, akajibu ndiyo, mheshimiwa. Hakimu akarudia, anakisikia vizuri? Ndiyo, mheshimiwa. Likasomwa kosa la kwanza, la kuishi nchini bila kibali. Akajibu ni kweli, na ilikuwa kweli.

Likasomwa la pili, la kuwahifadhi wahamiaji haramu na kuwasaidia wasikamatwe. Lilikuwa refu, na maneno yake hayakuwa ya sokoni. Hakimu akavua miwani.

"Hilo nalo ni kweli au si kweli? Usiogope. Sema mwenyewe."

 Blessing aligeuka akamtafuta Bi Hamisa kwenye mabenchi. Bi Hamisa alimwona kidevu kimeinuka, alimwona anavuta pumzi kama siku ile ya beseni, akaogopa kwamba mtoto ataharibu. Akamwinamishia kichwa, polepole, kumkumbusha.

"Ni kweli, mheshimiwa," Blessing akasema.

Wakamsomea maelezo, akakubali. Wakamuuliza kama ana la kusema apunguziwe, akasema nisamehe, mama. Ikatajwa faini ambayo hata nyumba ya Bi Hamisa ingeuzwa isingeifikia, na akishindwa, kifungo cha miaka mitatu. Baada ya hapo arudishwe kwao. Hakimu akaandika, akafunga jalada, karani wa mahakama akaita kesi nyingine.

Bi Hamisa alibaki amekaa. Alikuwa anasubiri Blessing aitwe pembeni. Watu wa kesi iliyofuata waliingia, wakasomewa, wakatoka, na yeye bado macho yako kwenye ule mlango mdogo nyuma ya kiti cha hakimu, mpaka polisi alipomwuliza, mama, wewe una kesi ipi?

Leodegar ndiye aliyemfumbua macho, jioni, uani, sahani ya wali ikiwa imepoa mbele yake. Alimwambia kwamba kule hakuna pembeni. Kinachosemwa mbele za watu ndicho hichohicho. Mtu akishakubali kosa kwa mdomo wake, kulitengua ni kazi, mpaka ithibitike kwamba hakuelewa alichokuwa anakubali. Bi Hamisa alimuuliza nani wa kuthibitisha. Leodegar akasukumasukuma wali kwa kijiko.

"Wewe, Bibi. Uape kwamba ndiwe uliyemwelekeza. Lakini ukiapa hivyo umejitaja kwamba ulimpangisha mgeni asiye na kibali, na ulijua. Hilo nalo ni kosa. Nisikufiche."

Bi Hamisa hakulala vizuri, ila asubuhi alikuwa ameshaamua. Magimbi akamwachia Mwajabu, akavaa baibui la kutokea, akaenda kwa wakili mmoja wa kike anayesaidia watu bure, akamweleza kila kitu, na la chumba hakulificha. Wakili akamwambia inawezekana, ila siku za kukata rufaa ni chache na zinahesabika. Mfungwa mwenyewe lazima aridhie na atie saini. Kaongee naye.

Jumapili akaenda gerezani Segerea. Alikuwa amepika magimbi ya nazi, getini wakamwambia aliyekwishahukumiwa haletewi chakula cha nje. Sabuni wakaipokea. Blessing akaletwa upande wa pili wa wavu, kichwa kimenyolewa, yeye aliyekuwa anasuka vichwa vya watu. Askari wa kike alisimama karibu, anasikiliza. Bi Hamisa alimweleza kwa maneno mepesi, mara mbili, kwamba kuna njia. Atasema hakuelewa. Na yeye Bi Hamisa atasimama aseme kwamba ndiye aliyemponza.

Blessing aliuliza, akisema hivyo, yeye mama atafanywa nini.

Bi Hamisa alisema hilo lisimshughulishe. Blessing akauliza tena, na safari hii alikuwa anamtazama usoni, macho kwa macho. Bi Hamisa akasema huenda na yeye akashtakiwa. Huenda.

"Basi hapana," Blessing akasema.

"Blessing, mie mkubwa wako, nakwambia tia saini."

"Hapana, mama. Humu ndani asiye na ndugu anaomba sabuni kwa watu. Anaomba pedi. Anafulia wenzake ndipo apewe. Mimi Dar nzima nina wewe tu. Na wewe ukiingia humu, nani atakuja Jumapili?"

  Askari akasema muda. Blessing akapiga goti, akaaga, akaenda.

Alirudi tena Jumapili iliyofuata na karatasi za wakili kwenye mkoba, na jibu likawa lilelile. Ya tatu yake karatasi aliziacha nyumbani, maana siku za rufaa zilikuwa zimekwisha.

Siku hizi Mwajabu humuuliza Bi Hamisa mkwe wake anaendeleaje, naye hujibu mzima, kapungua kidogo. Wapangaji wapya wanapita na ndala mbele ya sinia, na hakuna anayewasemesha. Jumamosi jioni, kabla maduka hayajafungwa, Bi Hamisa hukunja meza yake mapema, akapita dukani kwa Jabiri kuchukua mche wa sabuni na pedi. Jabiri huvifunga kwenye gazeti, na kesho yake getini Segerea askari hulifungua gazeti, wakalitupa, wakakagua vilivyomo kimoja kimoja.