Serikali Imekwenda Kuposa

Asubuhi ile nilikuwa ninapepeta mchele uani kwangu Kasongo, redio ikasema serikali imepeleka bungeni ombi la kuongezewa pesa kwenye bajeti ya mwaka, na kati ya kazi zilizotajwa imo barabara yetu ya Kabambare. Nilirusha ungo! Mchele wote chini, kuku wakafanya sikukuu.

Mama yangu alikuwa Wamaza, kwenye barabara hiyo hiyo, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na daktari wa macho alikuwa amekuja hospitali ya Kasongo kwa majuma matatu tu. Pikipiki hakuiweza tena, ilishamwangusha akaumia nyonga. Gari nalo lilikuwa halipiti, mashimo ya njia ile yangemeza mbuzi mzima. Nilikuwa nimelia mpaka nimechoka.

Nikampigia simu. "Mama! Serikali imeomba pesa ya barabara!"

"Imeomba? Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, kwa redio!"

"Basi imeisha. Minafunga vitu yangu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa letu sisi. Kwetu hakuna anayetuma wazee kuposa binti kabla wanawake wa nyumba zile mbili hawajasikilizana jikoni, kimya kimya. Siku ya kuomba ni ya kula wali tu. Mama akaona hata serikali haiwezi kujiaibisha kuomba hadharani kitu ambacho haijaitikiwa. Nikamwambia wabunge bado hawajapiga kura.

"Weye ulisoma," akanijibu, "lakini mambo ya ndoa haujui."

Mimi niliyeachika mara mbili! Mwanamke yule hana huruma. Nilikasirika, kisha nikacheka.

Naye hakunyamaza. Aliitangazia Wamaza nzima kwamba mashine zinakuja, na mkwe hapokelewi kwenye majani. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, watu wakatoka na majembe na mapanga, Waislamu na Wakristo, wakafyeka, wakabeba mawe, wakajaza mashimo. Kesho yake wakarudi bila kuitwa. Kila jioni mama ananipigia: "Tumefika mtoni!" Tumefika, anasema, yeye asiyeona hata mpini wa jembe! Nikamwendea mfanyabiashara mmoja mwenye jeep, nikambembeleza siku nne, mpaka akakubali kwenda kumleta mama ili tu ninyamaze.

Jeep ilirudi, jamani! Matope mpaka kwenye vioo, na mama amekaa mbele kama mke wa gavana, amekumbatia jogoo. Niliimba barabarani bila aibu.

Alipasuliwa siku ya mwisho ya daktari. Kesho yake muuguzi alikuwa ndiyo kwanza amemfungua bandeji, mama anatazama vidole vyake kimoja kimoja, redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili ikatangaza kwamba wabunge wamefunga kikao, wamekwenda likizo, ombi halikupigiwa kura. Iliniuma sana. Nikamweleza mama polepole.

"Kumbe hawakusikilizana mbele, kule jikoni?"

"Hapana, mama."

Alicheka mpaka muuguzi akamgombeza, asije akaharibu macho. Halafu akauliza, "Watu ya Wamaza wanajua?"

"Bado. Bado wako barabarani na majembe, sasa wamegeukia upande wa pili, wa kwenda Salamabila."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Usiwaambie. Waache wafike kwanza."