Sanduku Lisilo na Kioo

Wanafunzi walimwita Mama Nyaya, naye hakukasirika. Angekasirikaje? Mwalimu wa hesabu gani huyu, mfukoni chaki, mkobani bisibisi na nyaya zilizojisokota! Kompyuta kumi na nane kuukuu, ambazo kila fundi alisema ni vyuma chakavu, yeye alizing'ang'ania. Alitoa diski zilizokufa, akaziunganisha kompyuta zote na sanduku moja lenye nguvu, lisilo hata na kioo, akaliweka pembeni. Hilo ndilo lililofikiri na kuhifadhi kazi kwa niaba ya zote, kwa programu za bure ambazo yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzirekebisha. Alijifunza mwenyewe likizo nzima, mumewe akimtania kwamba siku hizi ameolewa na waya.

Lakini mkuu wa shule alikuwa ameshasema: "Mwalimu, Ijumaa nakuja kuona. Zisipofanya kazi, chumba kinakuwa stoo ya madawati."

Ijumaa ikafika. Vioo kumi na vinane vikawaka, watoto wakaandika insha. Kila baada ya dakika chache Mama Nyaya alipaza sauti, "Hifadhini!" nao wakaitikia, "Tumehifadhi!" Mkuu akaingia akitabasamu, akatafuta pa kuchaji simu yake. Akaona pembeni sanduku linanguruma peke yake, halina kioo, halina mtu. Akachomoa waya wa sanduku ili achomeke chaja yake, huyo!

Lo! Vioo vyote vikazimika kwa mpigo. Watoto wakapiga yowe, wakaruka kutoka vitini. Mama Nyaya akakimbilia pembeni. Chumba ndiyo basi tena.

"Si nilisema?" mkuu akanena. "Vyuma chakavu."

"Mkuu," akajibu kwa upole uliomtoa jasho, "umemchomoa mama yao."

Akarudisha waya. Dakika tatu zikapita, ndefu kama mwaka, kisha vioo vikawaka. Katika kugombania viti, msichana mmoja akajikuta mahali pa mwenzake. Akaandika jina lake na neno la siri, na insha yake ikatokea palepale, mpaka sentensi ya mwisho.

"Lakini hii si kompyuta yako," mkuu akashangaa.

"Zote ni zangu, mwalimu."

Mkuu akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya soketi: MTU ASICHOMOE. Akafikiri kidogo, akaongeza: HATA MKUU. Kisha akamkabidhi Mama Nyaya ufunguo wa chumba, naye akalia kwa furaha mbele ya darasa zima, bila kuona haya.