Siku Wahu Alipozima Maikrofoni

Mtu akikuambia Wahu hana moyo, mkatalie. Ghorofa yake pale Kitengela, juu ya duka la chakula cha kuku, imelea vijana wengi wenye biashara changa ambazo benki hazitaki hata kuzisikia. Stima analipa yeye, intaneti yeye. Istar, binti wa wauza ng'ombe, alifika na simu iliyopasuka kioo na wazo moja tu: wafugaji wa Mashuuru wajue bei ya mnyama kabla hawajamfikisha sokoni. Wahu alimpokea kama mwanawe.

Ila wafadhili wa ng'ambo wanaomsaidia nao ni waoga kama swara. Maandamano yakitokea Kenya, wanauliza kama pesa zao ziko salama. Mwaka huo walibakiza kikao kimoja cha kuamua kama watabaki au watafunga virago. Siku yenyewe, barabara ya Namanga ikachafuka kwa maandamano. Wahu akafunga geti la chuma pale juu ya ngazi, akaketi mbele ya kompyuta, akatabasamu.

"Huku kwetu ni shwari kabisa," akawaambia.

Hapo ndipo geti likaanza kugongwa.

"Madam! Madam Wahu, nifungulie! Ni mimi, Istar! Polisi wanarusha vitoa machozi!"

Geti lilikuwa karibu tu. Wahu akanyoosha mkono, akazima maikrofoni. Akaendelea kutabasamu na kuwaitikia wageni kwa kichwa, huku geti likitikisika. Jamani, hata kugeuka hakugeuka! Kelele zilipokoma, akaiwasha tena, akazungumzia utulivu.

Wafadhili wakakubali kubaki.

Jioni alirudi nyumbani. Mumewe, Njogu, alimpongeza, naye Wahu akashindwa kumtazama machoni. Aliona aibu, aibu kubwa. Akaamua kwamba kesho atamwambia Istar ukweli na kumwomba msamaha, liwe liwalo.

Asubuhi Istar akaingia, macho mekundu, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi akikimbia. Kabla Wahu hajasema neno, msichana akamwahi.

"Madam, niko na kitu nataka kusema. Jana nilipiga kelele hapo nje, halafu nikakumbuka uko kwa mkutano wetu. Karibu niharibie watu wote. Nisamehe."

Uso wa Wahu ukapata moto. Vijana wengine walikuwa wameinua vichwa, wanasikiliza.

"Usijali," akasema. "Nimekusamehe."