Posa ilivyorudishwa Sepuka kwa sababu ya igizo nililoandika mimi

Wakuu, salamu nyingi kwenu. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa.

Tangu ile tamthilia yangu ianze kurushwa, PM imejaa. "Bibi, hao characters unawatoa wapi?" "Bibi, nifanyeje na mimi niwe script writer?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nawajibu wote hapa, na ninachosimulia kilitokea kweli. Chumvi nimeiacha jikoni. Mtakaouliza picha, kijiji kizima hakikuwa na kamera.

Mimi ni Mnyiramba wa pande za Shelui. Enzi za Ujamaa, vijiji ndiyo kwanza vinaanza, nikapangiwa kufundisha shule ya msingi karibu na Ilongero, kwa Wanyaturu. Mwalimu binti, mwembamba, maneno mengi.

Saba Saba ikakaribia. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Mwalimu, tuandikie igizo. Liwe la mlanguzi."

Siku hizo kila igizo lilikuwa na mlanguzi, msicheke.

Nikaandika. Jamaa anaficha mtama ndani wakati wenzake hawana kitu, mwisho anakamatwa, watu wanaimba. Basi, nikajiona fundi!

Shida ikawa nani acheze mlanguzi. Kila mtu anakataa. Akajitolea Njiku, mrina asali, kijana mpole kuliko wote pale. Huyu ukienda kwake kuomba kijiko cha asali, unarudi na kibuyu. Tukamfunga manguo tumboni akapata kitambi.

Wakuu, jamaa alitisha.

Alikifunika kihenge cha mtama kwa ungo, akaupapasa kwa kiganja, halafu akautupia mlango jicho la wizi. Uwanja mzima ukamzomea. Mimi nyuma ya pazia la khanga nilikuwa naruka kwa furaha.

Sasa sikieni balaa.

Njiku alikuwa amechumbia kijiji cha Sepuka, binti anaitwa Helena. Ng'ombe wameshakubaliwa, bado siku tu. Na baba yake Helena, Mzee Ntandu, alikuwa amekuja uwanjani siku ile kumwangalia mkwe wake mtarajiwa.

Kesho yake posa ikarudishwa.

Njiku akaja shuleni, akalia mbele ya darasa la tatu. "Mwalimu, umeniua." Alimpenda yule binti jamani, mpaka huruma.

Tukadandia lori, hao Sepuka.

Mzee Ntandu alitupokea vizuri tu, uji tukapewa. Nikampa shikamoo yake, nikaanza kumfundisha: baba, igizo ni kuiga, siyo kweli. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, mimi siyo mjinga," akasema. "Najua mnaiga. Lakini mtu anaiga alichokiona. Lile jicho la mlangoni kaliona wapi? Kama siyo lake, ni la nani?"

Njiku akanigeukia. Maana mimi ndiye niliyemfundisha lile jicho.

Ningeweza kudanganya, lakini pale kulikuwa na kijana anakaribia kukosa mke.

"Ni la baba yangu," nikasema.

Ikabidi nieleze. Baba yangu hakuwa mlanguzi, ni mkulima wa kawaida kabisa. Alipokuwa mtoto njaa iliwapiga, akamzika mdogo wake. Tangu hapo, hata mwaka wa mavuno mengi, lazima kuna mtama ameuficha mahali, na kila akiufunika anatazama mlango. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Mimi nilipokosa mlanguzi wa kumwandika, nikachukua kile kituko chake nikampachika huyo wa igizo.

Mzee Ntandu akainamia bakuli lake la uji.

Mara mama mwenye nyumba akaangua kicheko mpaka khanga ikamdondoka. "Mwambie na wewe mtama wako uko wapi!"

Ulikuwa chini ya kitanda, wakuu.

Mzee akacheka kidogo, kwa shingo upande. Halafu akanikazia macho. "Sasa mwalimu, mzazi wako umemwonea. Kwa nini hukusema anaficha kwa sababu gani?"

Akatoa sharti. Igizo liandikwe upya, lichezwe palepale Sepuka, kwa sababu majirani wote wameshasikia mkwe wake ni mwizi. Watu wakielewa, Helena anaolewa. Wasipoelewa, kila mtu ashike njia yake.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii. Niliongeza scene moja tu, na ilinitesa kuliko igizo zima. Kila nikiandika naona nahutubia. Mwisho nikaacha kalamu, nikawa naisema kwa sauti huku nachambua mboga, mpaka nikasikia mtu anaongea. Mpaka leo naandika hivyo. Mkwe wangu wa kike alidhani nimechanganyikiwa.

Siku ya igizo, nani anatokea? Baba yangu! Na jogoo kwapani. Alikuja kunitembelea shuleni, akaambiwa mwalimu yuko Sepuka, akaunganisha. Wakamkalisha mbele, pembeni ya Mzee Ntandu.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Njiku akafunika mtama, akatazama mlango. Zomea zomea ikaanza. Halafu akakaa chini, akaanza kumwongelesha mdogo wake aliyekufa, kwamba safari hii upo, safari hii utakula.

Waliokuwa wanazomea wakaanza kusogea mbele wamsikie.

Mgambo walipoingia kumkamata, bibi mmoja akasimama. "Hebu mwacheni kwanza anywe uji!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Helena akapiga vigelegele igizo hata halijaisha, na hapo kila mtu akajua harusi ipo. Mzee Ntandu alimkumbatia mkwe wake, ila kwenye mahari hakupunguza hata ndama!

Mimi nikamfuata baba. Nilijua leo nakula maneno. Akanipa jogoo wangu, akaangalia pembeni.

"Kijana anajua kucheza," akasema. "Ila mimi huwa naangalia mlango kwanza, ndipo nafunika."

Nililia, wakuu. Yeye akacheka.

Basi vijana, jibu la PM zenu ndilo hilo. Characters mnao nyumbani, mnakula nao. Wachukueni, lakini kabla hujaandika mtu anafanya nini, jua anaogopa nini. Mengine ni kukaa kitako na kuandika, tena mfute mara nyingi bila kuona aibu.

Na mkitazama series zangu, mkiona mtu anataka kuficha kitu, mwangalieni vizuri. Anaanza na mlango.

Haya, uwanja ni wenu. Nani kwenu alikuwa na kituko mlichokuwa mnakicheka, na mlikuja kujua sababu yake lini?