Msiba wa Mume Wangu Aliye Hai

Mume wangu alikufa Jumapili, na Jumapili hiyohiyo akala wali kwa kuku. Chekeni tu, lakini matanga nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza mjue alivyokuwa. Mzigua wa Mkata, mpiga ngoma hodari, na boha, ile pombe yetu ya miwa, hajapata kuikataa. Mimi ni Msambaa wa Mpale, binti wa watu wa kanisani. Wazee wangu waliponiuliza nimependa nini kwa mtu yule, niliwaambia ananichekesha, basi. Basi tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari, na kanisa la makuti likawa pua na mdomo na kwetu. Nyimbo zikamfuata mpaka kitandani. Siku moja akaniambia anataka kubatizwa. Nikamwambia, "Haya, baba." Moyoni nikasema, wewe? Thubutu! Viapo vyake vya kuacha pombe nilishavisikia mpaka vikanichosha, na kuamini tena nilikuwa naogopa.

Siku ya ubatizo mchungaji akatangaza kwamba mtu wa kale aliyekuwa ndani ya mume wangu amekufa, leo anazikwa. Lo! Nyuma kabisa alikuwa amekaa Mnyamwezi mmoja, mkata mkonge wa zamani kule Korogwe, mtani wa mume wangu. Na kwao akifa mtu, watani ndio wenye msiba: wanachimba kaburi, wanamwigiza marehemu, wanamsema watakavyo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtani akaruka juu. "Uwii! Mtani wangu kafa, mbona mimi sijaambiwa?" Mchungaji akadhani ni pepo, akaanza kumkemea.

Tulipofika nyumbani tukamkuta keshatutangulia, kavaa koti la kaki la mume wangu, lile la kuendea kilabuni, kajilaza chali mlangoni. Hainuki mpaka apewe jogoo wa msiba. Nikatoa jogoo, ningefanyaje? Ndipo akainuka akaanza kazi. Akapepesuka uani, akaimba, akaupa mpapai shikamoo na kuugombeza kwa kutoitikia. Watu hoi! Mume wangu mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha mtani akausukuma mlango kwa bega, akanguruma, "Mke! Chakula kiko wapi?"

Binti yetu mdogo alikuwa barazani. Mambo ya utani hakuyajua. Aliliona koti, akaisikia sauti ile, akakimbia kama alivyozoea kukimbia, akajibanza nyuma ya pipa la maji, mikono kichwani.

Kicheko kikakatika. Mtani akalivua koti. Mume wangu akamfuata mtoto, akapiga magoti mchangani na shati lake jeupe la ubatizo.

"Toka, mwanangu. Yule kafa."

Mtoto hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kweli, mama?"

Baba yake naye akanigeukia, magoti yake bado mchangani. Jamani, nilimwonea huruma! Lakini hofu nayo nilikuwa nayo, maana nilikuwa na mashaka naye tangu asubuhi, na mtoto huyu sijapata kumdanganya.

"Kweli, mwanangu," nikasema. "Kafa leo."