Ujumbe Ambao Mama Nekesa Hakuufungua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi huko Kawangware, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki, kifutio na darasa la tatu lililojaa mpaka mlangoni. Enzi hizo ukitaka kuzungumza na mzazi, unaandika barua na kumpa mtoto. Nyingine zilifika. Nyingine zilikunjwa zikawa ndege za karatasi kabla ya kuvuka lango. Nilipolalamika, mwalimu mkuu, mama mpole wa sauti ya chini, aliniambia, "Mwalimu Rasoa, mzazi ndiye mwalimu wa zamu ya jioni. Asipojua mmefundisha nini mchana, zamu ataishika vipi?"

Swali hilo nilihama nalo hadi Kibera, kwenye shule ya upande wa Sarang'ombe, na huko ndiko simu zilikonikuta. Naibu wa mwalimu mkuu, kijana mpenda vifaa, alinionyesha jinsi ya kufungua grupu la wazazi, ambamo ujumbe mmoja unawafikia wote kwa pamoja. Mwalimu mkuu wetu wa wakati huo hakupendezwa. "Mkianza kutukanana humo, msiniite," alisema. Nikaweka masharti: hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara, na mtoto aliyefanya vibaya hatajwi mbele ya watu. Habari kama hiyo inakwenda kwa mzazi wake peke yake.

Mwanzoni niliandika. Baadaye nikaona wazazi wengi mikono yao ina kazi mchana kutwa, na wengine kusoma kunawapa taabu, basi nikaanza kurekodi sauti. Nilirekodi fupi fupi, maana bando la mzazi huisha haraka. "Leo kwenye hesabu tumesoma sehemu. Mwambie mtoto akukatie chapati nusu, kisha robo." Majibu yakaanza kuingia. Baba mmoja, fundi wa mjengo, alinijibu akiwa juu ya ghorofa, nyundo zikigonga nyuma yake.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ya masika iling'oa mabati ya madarasa yetu, shule ikafungwa kwa wiki kadhaa. Sauti zangu zikawa ndizo darasa. Simu huonyesha ni nani amefungua ujumbe wa sauti na nani hajafungua, nami nilipenda kutazama. Ndipo nilipomwona Mama Nekesa. Kila nilichoandika alikisoma. Sauti hakufungua hata moja.

Nekesa alikuwa mgeni katika gredi ya tano. Alikuwa ametoka Bungoma, kwa nyanya yake aliyemlea, muhula huo huo, na shangazi yake ndiye aliyemleta kumsajili. Nikampigia mama yake, simu ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa.

"Huyo hataki stori na wewe, Mwalimu," naibu akasema. "Achana naye tu."

Lakini mtu asiyetaka shule hasomi ujumbe wa shule. Kwa nini asome huu, aache ule? Nilishindwa kutulia. Nikavaa gambuti za kukanyagia tope, nikateremka hadi mtaa wao wa Gatwekera, nikiuliza mlango hadi mlango.

Nilimkuta barazani akishona kwa cherehani. Nikamsalimu, hakuinua kichwa. Nikamsalimu tena kwa sauti ya darasani. Nekesa akatoka ndani, akamgusa mama yake begani, akaanza kuzungumza naye kwa mikono.

"Teacher, mum hasikii," aliniambia. "Ni kiziwi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Mlangoni palikuwa na begi la nguo limefungwa tayari. Mama Nekesa alichukua simu, akanionyesha sauti zangu zilivyopangana, moja chini ya nyingine, kisha akatandaza mikono. Nekesa akatafsiri: "Anasema shule imewacha kufundisha, inatuma tu hizi. Anasema heri nirudi kwa nyanya, huko shule iko wazi. Naenda kesho."

"Nawe hukumwambia kuna masomo humo?"

Akatazama chini. "Nilitaka kurudi kwa nyanya. Hapa sina beshte, hata mmoja wa kucheza naye."

Kisha, bila kuambiwa, mtoto akamgeukia mama yake na kumweleza mwenyewe. Mikono ilikwenda polepole, ikakwama, ikaendelea. Sikuelewa hata ishara moja, ila nilimwona mama akiachilia kitambaa na kumvuta mwanawe kifuani. Alipotulia, aliandika kwenye simu, akanipa nisome: "Utafundisha kwa njia naona?"

Nikaandika, "Nitajaribu. Lakini nawe nifundishe."

Begi likafunguliwa. Tangu siku hiyo kila sauti niliiandika pia, na hesabu nikazifanya kwa video, mikono yangu ikionekana vizuri. Mama Nekesa akatuma video yake: anakunja kitambaa nusu, robo, thumni, akionyesha ishara ya kila moja, na Nekesa akieleza kwa sauti. Yule fundi akaandika, "Sasa hata mimi nimeshika." Mwalimu mkuu aliitazama kwenye simu yangu, akairudisha nyuma, akauliza, "Robo ameifanyaje hapa?" Akajaribu kwa vidole vyake.

Shule ilipofunguliwa, wasichana walimzunguka Nekesa wakitaka kujua ishara za majina yao. Habari za kurudi kwa nyanya sikuzisikia tena, isipokuwa wakati wa likizo.

Nyinyi walimu vijana mnaosoma haya mna vifaa ambavyo sikuviota. Wanaojibu haraka msiridhike nao peke yao. Mtafuteni aliyenyamaza, na msidhani mnajua sababu.

Nilipostaafu niliondolewa kwenye grupu, kama inavyotakiwa. Siku chache baadaye Mama Nekesa alinitumia video, akiwa peke yake, bila mtafsiri. Nilielewa "asante." Nilielewa "watoto." Ishara ya mwisho, kidole kikizungushwa shavuni, ilinishinda. Ningeweza kumwuliza Nekesa, lakini nilitaka kumwuliza mama mwenyewe. Jumamosi nikaenda, nikairudia mbele yake, nikainua mabega.

Alicheka, akagusa kishimo kilicho shavuni mwangu, kisha akaandika: "Hilo ni jina lako."