Hallgeir Aipa Mianga Mgongo

Katika kijiji cha Nordbukt, kando ya ghuba ya Lyngen, Hallgeir alipotangaza redioni kwamba mbingu itakuwa wazi, watu walitoa makoleo ya theluji. Alipotangaza mawingu, waliwavalisha watoto nguo nzito na kutoka nao kutazama mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza angani usiku. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Mtu anayekosea mara mojamoja hamfai yeyote, lakini anayekosea kila mara ni mali ya kijiji kizima, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa Hallgeir mwenyewe.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji, na kabla ya hapo alipasua samaki kiwandani mpaka kiuno kikagoma. Mtangazaji wa redio ya kijiji alipougua koo, alitafutwa mtu aliyezoea kukaa barabarani akiitazama mbingu, akapatikana yeye. Koo la mtangazaji likapona, ila Hallgeir akabaki na kipaza sauti. Kila Ijumaa alisoma kwenye simu nguvu ya upepo wa jua, ule unaoiwasha mianga, akakagua picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani, akatoka nje kunusa hewa, kisha akayachanganya yote kichwani na kutoa jibu lisilo sahihi.

"Tatizo ni pua," alimwambia mkewe, Torunn. "Simu inasema kweli, picha zinasema kweli. Pua ndiyo mwongo."

"Basi siku nyingine iache nyumbani," alijibu Torunn.

Desemba moja, hata hivyo, Hallgeir alitamani kupatia mara moja tu maishani. Binti yao Sunniva, ambaye ni muuguzi, alikuwa amepata kazi mbili kwa mpigo: moja katika zahanati ya Nordbukt, nyingine katika mji wa kusini alikozaliwa mumewe, Eivind. Jumatatu walitakiwa kujibu. Eivind alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, Bi Bodil, na asingekaa mahali ambapo mama yake hapataki. Bi Bodil alikuwa amekuja kujionea. Wiki nzima hakuona kitu. Majira hayo jua halichomozi kabisa huko: adhuhuri ilikuwa giza, asubuhi ilikuwa giza, na katikati ya hayo magiza mawili ilinyesha theluji yenye maji. Sasa ulibaki usiku mmoja tu; kesho yake angepanda meli kurudi kwake.

Hallgeir aliamini kwamba mama huyo akiiona mianga, moyo wake utalainika na watoto watabaki. Asipoiona, basi yeye na Torunn watawalea wajukuu kupitia kioo cha simu.

Mchana alipita dukani kununua kahawa. Oddny, mwenye duka, alimwona tangu mlangoni.

"Nabii! Leo mbinguni kuna habari gani?"

"Hapa kwetu mawingu matupu. Ng'ambo ya mpaka, Ufini, kweupe kabisa. Nampeleka mkwe, mama yake Eivind, huko."

Oddny alianza kuvua aproni. "Basi nafunga mapema. Nitakuja kukaa uani kwenu, kule nyuma hakuna taa za barabara."

"Oddny, leo si mzaha. Nimezikagua picha mara tatu."

"Na pua je?"

Hallgeir aliifuta pua kwa glavu.

"Nilijua," alisema Oddny. "Nakuja na kiti changu."

Jioni walikuwa wanne garini: Hallgeir, Sunniva, Eivind na Bi Bodil. Torunn alibaki kupika. Nordbukt hakuna anayemruhusu mgeni wa kusini kutoka kwenda kutazama mianga na koti lake la mjini, kwa hiyo Hallgeir alimvisha mama huyo ovaroli yake ya kazi, ile ya kipande kimoja, yenye zipu kutoka kinenani hadi kidevuni. Bi Bodil alitoweka ndani yake, akabaki miwani tu.

"Jambo moja, mkwe," alisema Hallgeir wakipanda mlima. "Mianga ikitokea, usiipungie mkono. Bibi yangu alisema inashuka kumchukua mtu."

"Itokee kwanza," alisema Bi Bodil, akimimina kikombe kingine cha kahawa kutoka kwenye chupa.

Walipovuka mpaka walipokewa na theluji nzito, kana kwamba ilikuwa imesikiliza redio. Waipa za kioo zilihangaika bure. Waliegesha kwenye kituo cha mafuta, wakala soseji zilizoviringishwa kwenye mkate wa viazi, na Bi Bodil akaagiza kahawa tena, maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Simu ya Hallgeir ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza Torunn.

"Ufini."

"Kunaonekana nini?"

Hallgeir alitazama kioo cha mbele. "Pampu ya dizeli."

"Mume wangu, juu ya banda letu pamewaka kijani tupu. Oddny yuko hapa anakula biskuti zangu. Rudi!"

Hallgeir aliwasha gari bila kumalizia soseji. Theluji ilikatika walipokaribia kileleni. Hapo ndipo Bi Bodil alipomgusa bega.

"Mkwe, simamisha gari."

"Bado kidogo tu, tukishuka ule mteremko..."

"Hallgeir, kahawa hainisubiri tufike kwako. Simamisha."

Kule juu hakuoti mti hata mmoja. Kulikuwa na ukuta wa theluji tu uliosukumwa kando ya barabara, upande wa kaskazini, tena ameusukuma Hallgeir mwenyewe siku iliyotangulia. Bi Bodil alizunguka nyuma yake. Wengine watatu walishuka na kufanya kama wafanyavyo watu wenye adabu: walisimama barabarani wakatazama kusini, migongo imenyooka kama askari wa gwaride.

Ilisikika zipu ndefu. Kisha ukelele.

"Mungu wangu!"

"Mama! Umeanguka?" aliita Eivind.

"Ipo! Ipo juu yangu! Inacheza, inajikunja, ina ukingo mwekundu!"

Eivind alianza kugeuza shingo.

"Usigeuke!"

"Mama, lakini mianga..."

"Nimevua mpaka magotini, Eivind! Atakayegeuka asiniite mama tena! Wewe Hallgeir nakuona kichwa hicho!"

Hallgeir alikirudisha kichwa haraka. Mbele yake theluji ya mteremko ilikuwa imegeuka kijani hafifu, na juu yake kilitikisika kivuli cha mtu mmoja mnene mwenye kofia, yaani yeye mwenyewe. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu waelekeze nyuso zao wapi. Leo mianga imekuja kweli, kubwa kuliko zote, na mtabiri ameipa mgongo. Sunniva, kando yake, alikuwa akicheka bila sauti huku machozi yakigandia shavuni.

"Mama, fanya haraka!" alihimiza Eivind.

"Zipu imekwama!"

Iling'ang'aniwa hiyo zipu, ikatukanwa kwa maneno ambayo Hallgeir hakujua kwamba watu wa kusini wanayo. Hatimaye likaja neno: "Geukeni!" Waligeuka wote kwa pamoja. Juu ya mlima ulibaki ukungu mmoja mweupe, kama maziwa yaliyomwagika na kufutwa vibaya.

"Nilipunga mkono," alisema Bi Bodil, akihema. "Nilisahau. Nilipunga yote miwili. Ndipo ovaroli ilipoanguka."

Walipofika nyumbani mawingu yalikuwa yameziba tena. Oddny alikuwa jikoni, kiti chake kimeegemezwa mlangoni. Torunn aliwapakulia chewa na viazi, na Bi Bodil akasimulia yote, akisimama ili aonyeshe vizuri jinsi mwanga ulivyojikunja. Hallgeir alikula akiwa ameinamia sahani. Mgeni ameona, sawa, lakini ameona akiwa amechuchumaa kwenye baridi kali, ndani ya nguo ya mtu mwingine. Nani atamwacha mwanawe mahali kama hapo?

Bi Bodil alikaa. "Mkwe, wewe ndiye mtabiri. Hebu niambie, hawa watoto wataishi wapi?"

Hallgeir alitafuta mzaha, akaukosa. Kwa mara ya kwanza hakutazama simu wala hakunusa chochote, alisema alichokiamini.

"Kusini," alisema. "Watahamia kwenu."

Oddny aliweka kikombe chini taratibu. "Amesema kusini?"

"Amesema kusini," alijibu Torunn, akimshika mkono binti yake.

Eivind alimtazama mama yake. Bi Bodil alikuwa akiifuta miwani kwa ncha ya kitambaa cha meza, mdomo ukimchezacheza.

"Kama yeye amesema kusini, basi watabaki hapa. Oddny," alisema, "niagizie ovaroli yangu mwenyewe, kwa sababu itabidi nije mara kwa mara. Ila iwe ya vipande viwili."